Mzazi Hayumo Kwenye Ikama: Msaada na Nyenzo kwa Wazazi wa Wanafunzi Wenye Ulemavu

Mada kwa walimu wakuu, maafisa elimu kata, kamati za shule na wawakilishi wa wazazi

Utangulizi

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze msaada na nyenzo ambazo mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anaweza kuzipata wakati mtoto wake yuko shuleni. Nitazieleza, kwa kuwa ndicho nilichoitiwa. Hata hivyo, nimekuwa kwenye elimu maalumu tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Patandi, kwanza nikiwa mwalimu wa kitengo, baadaye nikahamishiwa ofisini, na lipo jambo moja ambalo nimelisemea kwenye vikao vingi na bado linaendelea. Sehemu kubwa ya mada hii ni ya jambo hilo. Niseme mapema kwamba haya ni maoni yangu ya kitaalamu, wala si msimamo wa mwajiri wangu, na sikuja kumlaumu mwalimu mkuu yeyote aliyeketi humu.

Istilahi na misingi ya kisheria

Istilahi mnazijua, hivyo sitakaa sana hapa. Mwanafunzi mwenye ulemavu ni yule ambaye upungufu wa mwili, akili au milango ya fahamu, pamoja na vikwazo anavyokutana navyo shuleni na mtaani, unamzuia kushiriki sawasawa na wenzake. Elimu jumuishi ni mpango wa kumwezesha asome shule iliyo karibu na kwao, darasa moja na watoto wengine, akipatiwa anachohitaji. Shule maalumu na vitengo mnavifahamu, wengine mnaviongoza. Mzazi, kwa mada hii, ni yeyote anayemlea mtoto: mama, baba, bibi, shangazi au kaka mkubwa. Nitasema “mama” mara nyingi kwa sababu ndiye ninayemkuta shuleni.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu, Tanzania, iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Elimu bila ada ilianza Januari 2016. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, nayo mmeshasomewa mara nyingi. Katika nyaraka hizi hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto mwenye ulemavu ataandikishwa kwa sharti la mzazi wake kukaa naye shuleni. Nitalirudia hili mbele.

Nyenzo zilizopo

Hatukuanzia sifuri. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ipo tangu 1950, na ya viziwi Tabora tangu 1963, zote zikiwa matunda ya kazi ya makanisa. Leo kuna vitengo ndani ya shule za kawaida katika halmashauri nyingi, na Serikali hununua vifaa: mashine za nukta nundu, shimesikio, vitimwendo, mafuta ya ngozi kwa watoto wenye ualbino. Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa vitabu vya nukta nundu na vya maandishi makubwa. Kwa matibabu na mazoezi ya viungo, wazazi wa Dar es Salaam wana hospitali ya CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Wa Kaskazini wana hospitali ya KCMC. Wazazi wa watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi wana chama chao, ASBAHT. Zanzibar kuna chama cha watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ambacho wazazi wamekuwa nguzo yake. Kaya maskini zinaweza kuwa ndani ya mpango wa ruzuku wa TASAF. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Niongeze neno kuhusu vifaa, maana tunapenda kuvikabidhi siku za maadhimisho mbele ya kamera. Kitimwendo cha mtu mzima hakimfai mtoto wa miaka saba. Anazama ndani yake, mgongo unapinda, miguu inaning'inia, na baada ya muda mfupi mama anakiegesha nyuma ya nyumba na kuendelea kumbeba mgongoni. Kifaa kipimwe kwanza, kitolewe baadaye.

Hiyo ndiyo orodha, na mzazi anapaswa kuipata shule inapomwandikisha mtoto, ikiwa kwenye karatasi moja, yenye jina la ofisi na chumba cha kwenda. Sasa niingie kwenye jambo lililonileta.

“Mama, utakaa naye”

Mtoto amepimwa. Fomu ya upimaji inasema anaweza kusoma shule ya kawaida akisaidiwa. Mama anafika shuleni mwezi Januari na fomu yake kwenye mfuko wa plastiki. Mwalimu mkuu anaipokea vizuri, anaisoma, kisha anasema: “Sisi hatuna shida, tutampokea. Ila mama, utakaa naye.” Wakati mwingine jambo hilo huandikwa. Nimeziona barua zenyewe, zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari: “Mimi mzazi wa mwanafunzi huyu nakubali kuwepo shuleni muda wote wa masomo, na lolote likimpata mtoto nisipokuwepo, uongozi wa shule usihusishwe.” Chini kuna saini, au dole gumba, na muhuri wa shule.

Katika shule moja nilimkuta mama amekaa kwenye tofali chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka dirisha la darasa la pili. Mtoto wake alizaliwa na mgongo wazi. Watoto wengi wa aina hiyo mkojo hautoki wenyewe sawasawa, kwa hiyo unatolewa kwa mrija mwembamba kila baada ya saa tatu hadi nne, la sivyo figo zitaharibika. Kwenye kikapu chake alikuwa na mrija ndani ya kopo safi lenye mfuniko, kipande cha sabuni, chupa ya maji na khanga ya kumsitiri mtoto, kwa kuwa choo hakikuwa na mlango. Alikuwa akiingia kumhudumia mara mbili kwa siku ya masomo. Nilimsubiri nikaangalia saa: kwa kila mara, kazi yote, pamoja na kunawa mikono, haikufika dakika kumi na tano. Siku ya masomo ni zaidi ya saa sita. Muda wote uliobaki alikuwa amekaa tu. Kabla ya mtoto kuanza shule alikuwa akikaanga vitumbua na kuuza stendi alfajiri. Biashara ile ilikwisha, na mtaji ukaliwa.

Baraza la Mitihani humwongezea mtahiniwa asiyeona dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Maana yake tunaweza kukaa chini, tukatazama hitaji la mtoto, tukalipimia dakika zake. Kwa nini hatuwezi kufanya hivyo kwa hitaji la choo? Mtoto yule alihitaji dakika thelathini za mtu mzima kwa siku. Shule ikadai siku nzima ya mama yake, kwa mwaka mzima, bila malipo.

Nawaelewa walimu wakuu. Nimesimama kwenye darasa lenye watoto zaidi ya mia moja na najua mwalimu hawezi kuwaacha mia wale akaenda chooni na mmoja. Ikama ya shule za kutwa haina nafasi ya mwangalizi wa mtoto mwenye ulemavu. Matroni anapatikana kwenye bweni, kama lipo. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka haikupigiwa hesabu ya mtu wa kumpeleka mtoto msalani. Tena kuna woga, na una msingi: mtoto mwenye kifafa akianguka akaumia, atakayeitwa kujieleza ni mwalimu mkuu, hataitwa aliyepanga ikama. Barua ile ya dole gumba ni kinga yake. Ninachokataa ni kinga hiyo kulipiwa na mama.

Tena inalipiwa zaidi ya tunavyoona. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF inatakiwa mtoto wake ahudhurie walau asilimia 80 ya siku za masomo. Sasa mahudhurio ya mtoto huyu yamefungwa kwenye afya ya mama yake. Mama akiugua malaria, akifiwa, akijifungua, akiitwa shambani wakati wa palizi, mtoto haji, na daftari la mahudhurio linamwandika mtoro. Mama asipokuja, mara nyingine dada yake aliye darasa la nne huitwa atoke darasani kwake aje kumsaidia. Hivyo shule imechukua masomo ya mtoto wa pili, na huyo wa pili hana hata fomu ya upimaji itakayoonyesha hasara yake.

Akina baba nao wanaiona hasara hii. Katika nyumba nyingi nilizozitembelea, ugomvi ulianza siku mama alipoacha kuingiza chochote. Baadhi ya akina mama wameachwa. Ustawi wa jamii wanazifahamu kesi hizi, ila faili la ndoa hufunguliwa ofisi moja na faili la mwanafunzi ofisi nyingine, na hatujawahi kuyaweka mezani kwa pamoja.

Kuna hasara nyingine ambayo mimi kama mwalimu inaniumiza kuliko zote. Mama akikaa karibu na darasa, mtoto huwa wa mama. Mwalimu anaacha kumuuliza maswali. Wenzake hawampishi, hawamgombezi, hawamwiti kucheza, maana mama yake yuko pale atafanya kila kitu. Penseli ikianguka, mtoto anatazama dirishani. Nimewaona watoto wenye mtindio wa ubongo ambao mikono yao iliweza kufungua kopo la uji lakini hawakuwahi kulifungua, kwa sababu kila siku palikuwa na mtu wa kulifungua. Tunasema tunamjumuisha, na papo hapo tumemjengea mtoto shule yake ndogo ya watu wawili ndani ya shule yetu.

Kwa nini halikomi

Yule mtoto wa mgongo wazi alisaidika. Muuguzi wa zahanati ya kata alikuja shuleni, akamfundisha mwalimu mmoja wa kike na mama mpishi wa uji namna ya kumhudumia kwa usafi. Kisha, kidogo kidogo, mtoto akafundishwa kujihudumia mwenyewe. Watoto wengi wenye akili timamu na mikono mizima huliweza hilo wakifika miaka sita, saba hivi. Kamati ya shule ikaweka mlango wa choo. Mama akarudi stendi. Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa ule mlango.

Baadaye mwalimu mkuu akahamishwa. Aliyekuja aliwakuta watoto wawili wengine wenye ulemavu wakiandikishwa, akawaambia mama zao wakae nao. Alipoulizwa kama ameona kilichofanyika kwa mtoto wa kwanza, alijibu kwa heshima kabisa kwamba hakukuta maandishi yoyote. Alisema kweli. Tulichofanya kilikuwa wema wa mtu, na mtu akahama na wema wake.

Niliwahi kuomba sharti hili lifutwe rasmi. Nikajibiwa kwamba haiwezekani kufuta agizo ambalo halipo. Kiutawala jibu hilo ni sahihi, na nimelitafakari sana. Sharti hili halina waraka, halina aliyelitia saini, ndiyo maana hakuna anayewajibika nalo, na kila Januari linazaliwa upya kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Mthibiti ubora wa shule akija, linaitwa ushirikishwaji wa wazazi. Kitu kisichoandikwa kinaweza kukomeshwa kwa kuandika kinyume chake, na hilo ndilo ombi langu kuu leo.

Mapendekezo

Pendekezo la kwanza, na lingekuwa moja tu nisingeongeza jingine: halmashauri itoe waraka mfupi, wa ukurasa mmoja, unaosema kwamba uwepo wa mzazi shuleni hautakuwa sharti la kumwandikisha, kumpokea au kumbakiza mwanafunzi mwenye ulemavu. Nakala ibandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na za ofisi za kata, mahali mzazi anapoweza kuisoma mwenyewe.

Pili, fomu ya upimaji isiishie kutaja aina ya ulemavu. Iambatane na karatasi ya siku ya mtoto: anahitaji msaada gani, saa ngapi, kwa dakika ngapi, nani atautoa, na nani atashika nafasi yake asipokuwepo. Karatasi hiyo ibaki kwenye faili la shule, mwalimu mkuu akihama aiache.

Tatu, kila mtoto anayehitaji msaada wa mwili awe na watu wazima wawili shuleni waliofundishwa, na kwa mtoto wa kike wote wawe wanawake. Nasema wawili kwa sababu mmoja ataugua. Mafunzo yatolewe na muuguzi wa zahanati au mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ya wilaya. Wapo na ni watumishi wenzetu. Kwa watoto wenye kifafa, walimu wote wa shule wafundishwe nini cha kufanya mtoto anapoanguka: kumlaza ubavu, kuondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, kutomtia kitu mdomoni, kuangalia saa. Hilo halihitaji hata nusu siku.

Nne ni nafasi ya mwangalizi. Najua suala la ikama liko juu ya uwezo wa semina hii, nami sitaki kuahidi kisichokuwa chetu. Lakini halmashauri huajiri vibarua na watumishi wa mikataba kwa mapato ya ndani kwa kazi nyingine. Shule zenye watoto kadhaa wanaohitaji msaada zianze na mwangalizi mmoja wa mkataba. Ikiwa mzazi mwenyewe ndiye anayefaa kazi hiyo na anaitaka, aajiriwe, alipwe, na ahudumie watoto wote, si wake pekee.

Tano, vyoo. Mlango upitishe kitimwendo, sentimita 90, njia ya mteremko isiwe kali, kila sentimita moja ya kimo ipewe walau sentimita 12 za urefu, maji yafike, na mlango ufungwe kwa ndani. Nusu ya wazazi waliokaa chini ya miti ambao nimezungumza nao walikuwa wanasubiri jambo la choo tu. Kamati za shule, hili liko mikononi mwenu.

Sita, dada na kaka wasitolewe madarasani mwao kumhudumia ndugu yao. Hili nalo liingie kwenye waraka nilioutaja.

Saba, TASAF na ofisi ya elimu kata zikae pamoja kabla ya kaya kukatwa ruzuku kwa ajili ya mahudhurio ya mtoto mwenye ulemavu. Iulizwe kwanza: alikosa shule kwa kuwa hakutaka kuja, au kwa kuwa shule ilikataa kumpokea bila mama yake?

Nane, ile asilimia 2 ya mikopo. Mtoto wa miaka minane hawezi kuomba mkopo, na mama anayemlea hajihesabu kuwa mtu mwenye ulemavu. Maafisa maendeleo ya jamii waende kwa wazazi hawa, wawaeleze taratibu zinazowahusu na kuwasaidia kuunda vikundi. Lakini nawaomba wazingatie mpangilio: mama asipewe mkopo wa vitumbua huku shule ikimtaka akae chini ya mwarobaini hadi saa nane na nusu. Atashindwa kurejesha, na tutasema wazazi wa watoto wenye ulemavu hawakopesheki.

Tisa, ushirikishwaji wa wazazi uwe ushirikishwaji kweli. Mzazi aitwe kwenye kikao cha kupanga karatasi ya siku ya mtoto, aulizwe anachokijua, maana anajua mengi: mtoto hulala upande gani, hukataa chakula gani, huanza kuchoka saa ngapi, sauti ipi humshtua. Akina baba waitwe kwa jina kwenye barua. Kikao kisiwekwe siku ya mnada. Wazazi wa wanafunzi wenye ulemavu wawe na mwakilishi ndani ya kamati ya shule, na kamati za watu wenye ulemavu za mtaa, kijiji na kata zinazotajwa na Sheria ya 2010 zipewe taarifa ya kila mtoto aliyewekewa sharti.

Kumi, watoto wafundishwe kujihudumia, na ratiba iwape muda wa kujifunza hayo. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji, kufunga vifungo vya shati na kusema “nataka kwenda chooni”, kwa mdomo au kwa picha, ni somo kamili.

Mwisho, narudia la kwanza kwa makusudi, kwa kuwa uzoefu wangu unaonyesha kwamba maazimio marefu husomwa mwanzo na mwisho tu: utoke waraka wa ukurasa mmoja, na katika ziara za ufuatiliaji, Afisa Elimu Kata asiishie kukagua maandalio ya masomo. Azunguke nyuma ya madarasa. Akimkuta mzazi amekaa, amuulize amekaa kwa nini, na jibu aliandike kwenye taarifa yake.

Walimu wakuu, waraka unaweza kuchelewa, mnajua safari ya faili. Barua zile za dole gumba ziko kwenye mafaili yenu wenyewe na hazihitaji kibali cha mtu kuziondoa. Mkirudi shuleni Jumatatu, zitoeni, waiteni wazazi hao, mpange nao dakika za mtoto, kisha waambieni waende wakafanye kazi zao.